Kununua Katapila Kuukuu
Chama cha msingi kinachokusudia kununua katapila kuukuu la kung'oa visiki na kuchimba malambo hakina budi kukagua minyororo kabla ya kuvutiwa na rangi. Sehemu ya chini, yaani minyororo, vigurudumu na magurudumu ya meno, huweza kula nusu ya gharama zote za matengenezo. Meno yaliyochongoka ni dalili ya uchakavu. Injini iwashwe ikiwa baridi, kisha mashine igeuzwe kulia na kushoto, maana klachi za usukani hushika kutu zikikaa bila kazi.

Hasara ya namna hii si ngeni nchini. Mwaka 1947 mpango wa karanga wa Waingereza huko Kongwa uliletewa matrekta ya masalio ya vita kutoka Ufilipino. Katika miezi michache mengi yalikwisha haribika. Kamati imtume fundi, naye ahakikishe vipuri vingali vikipatikana, kabla fedha za wanachama hazijatolewa.