Mgonjwa Kiziwi Mbele ya Daktari

Leo tunazungumza juu ya mgonjwa ambaye hawezi kukisikia kipindi hiki: kiziwi. Tunakueleza wewe kwa sababu mara nyingi ndiwe unayempeleka hospitali.

Chukua mfano wa msichana kiziwi wa miaka 16 anayeumwa na tumbo. Daktari anamwuliza mama: "Maumivu yalianza lini? Hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini?" Mama anajibu kwa kubahatisha. Msichana ameketi kando, hajaulizwa lolote. Huenda kuna jambo ambalo mama halijui, au ambalo msichana anaona haya kulisema mbele yake. Daktari akilikosa, anaweza kutibu ugonjwa mwingine kabisa.

Je, msichana hawezi kusoma midomo? Jaribu mwenyewe. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanana! Kupiga kelele nako huharibu umbo la midomo. Kuandika huwasaidia wengine, si wote. Viziwi wengi hutumia Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo ina sarufi yake, tofauti na ya Kiswahili au Kiingereza. Na akiitikia kwa kichwa, usidhani ameelewa. Wengi huitikia ili wasionekane wasumbufu.

Basi ufanye nini?

Kwanza, mkifika, waeleze wahudumu kwamba mgonjwa ni kiziwi, ili wamwite kwa mkono. Jina likiitwa kwa sauti tu, zamu yake itampita.

Pili, uliza mapema, kabla ya siku ya kliniki, kama kuna mhudumu anayejua lugha ya ishara au mkalimani. Kama mama ndiye kiziwi, mtoto wake mdogo asifanywe mkalimani. Habari za uzazi au ugonjwa mkubwa ni mzigo mzito kwa mtoto.

Tatu, mwombe daktari amtazame mgonjwa, si wewe, na azungumze penye mwanga bila kuziba mdomo.

Nne, kuhusu dawa, daktari achore jua kwa asubuhi, mwezi kwa usiku, na idadi ya vidonge. Kisha mgonjwa mwenyewe aonyeshe atakavyomeza.

Tano, mkalimani akipatikana, mpe mwanao nafasi ya kuonana na daktari bila wewe kuwapo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Kwa hivyo ukiuliza mkalimani, huombi hisani.

Mama, anza leo nyumbani. Mwambie mwanao akufundishe ishara za maumivu, homa, damu na hofu. Siku atakapougua usiku, atakuwa na mtu wa kumweleza.