MIAKA 30 NAMBA MBILI, NA UBOSI ALIUKATAA!

*Bill Guthridge alikaa pembeni ya Dean Smith mpaka mvi zikamtoka. Alipokabidhiwa timu akiwa na miaka 60, cha moto alikiona*

Waulize washikaji wa kikapu hapa mjini nani alimfundisha Michael Jordan chuoni. Watakujibu kabla hujamaliza swali: Dean Smith. Hewala, wamepata. Sasa waulize, je, kwenye benchi, pembeni ya huyo Dean Smith, alikuwa anakaa nani? Hapo ndipo utaona watu wanaanza kutazamana.

Jamaa aliyekuwa anakaa hapo anaitwa Bill Guthridge. Alikaa miaka 30. Si mitatu, msomaji wangu, ni 30! Kuanzia 1967 hadi 1997 alikuwa kocha msaidizi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, Marekani. Watoto waliozaliwa mwaka alioanza kazi walikua, wakasoma, wakaoa, yeye bado msaidizi.

Kwa akili za mjini, mtu wa namna hii tunamwita zoba. Unakaaje namba mbili miaka yote hiyo wakati wadogo zako wanaula? Subiri kwanza usome habari yake, halafu ndio umhukumu.

MTOTO WA KANSAS

Guthridge alizaliwa Julai 27, 1937, katika mji mdogo wa Parsons, jimbo la Kansas. Huko kikapu ni kama dini, kwani James Naismith, aliyeuvumbua mchezo wenyewe, ndiye aliyekwenda kuupanda katika Chuo Kikuu cha Kansas.

Ila kijana wetu hakwenda chuo hicho. Alikwenda kwa watani wao wa jadi, Kansas State. Dean Smith naye, mzaliwa wa Emporia, Kansas, alitokea upande wa pili. Yaani kwa lugha yetu, mmoja Simba na mwingine Yanga, halafu wakaja kula sahani moja miaka 30.

Pale Kansas State, mwalimu wake alikuwa Tex Winter. Kama jina hilo linakupiga chenga, basi kumbuka Chicago Bulls ya akina Jordan na Scottie Pippen ilivyokuwa inacheza, ule mchezo wa pembetatu ambao mabeki walikuwa hawajui wamkabe nani. Mtaalamu wake alikuwa huyo huyo Winter, naye wakati Bulls wanatwaa vikombe sita alikuwa msaidizi wa Phil Jackson. Kwa hiyo Guthridge alifundwa na mtu ambaye naye alikuja kujulikana dunia nzima akiwa namba mbili.

Mwaka 1962 Winter alimchukua Guthridge kuwa msaidizi wake. Miaka mitano baadaye, Smith akamwita North Carolina. Alikuwa na miaka 30 tu.

KAZI YA UTINGO

Kocha msaidizi ni kama utingo wa lori. Lori likifika salama, anayesifiwa ni dereva. Likikwama kwenye tope, anayeshuka kusukuma ni utingo.

Katika vyuo vya Marekani, msaidizi ndiye anayesafiri usiku kucha kwenda kumtazama kijana wa sekondari mwenye kipaji. Ndiye anayekaa sebuleni na wazazi kuwaeleza kwa nini mtoto wao asome chuo hiki na si kile. Akirudi, anachambua kanda za mechi za wapinzani. Bosi akimfokea mchezaji mpaka machozi yakamtoka, msaidizi ndiye anayemfuata chumbani kumtuliza.

Guthridge kazi yake kubwa ilikuwa kuwanoa watu warefu na kurekebisha mitupo. Sasa usiione ndogo hiyo. Mchezaji anaweza kuwa na mwili wa kupanda juu kuliko mnazi, lakini kama kiwiko kimekaa vibaya, mitupo yake huru itaishia kwenye chuma. Kurekebisha kiwiko hakuna shangwe, wala gazeti halipigi picha.

Na mshiko? Wasaidizi wengi hawakuwa na cha kuringia. Mwaka 1991, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipitisha kanuni kwamba msaidizi wa ngazi ya chini kabisa asilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka, tena 4,000 kati ya hizo zilikuwa za kazi ya kiangazi. Guthridge hakuwa kwenye kundi hilo, yeye alikuwa msaidizi wa kwanza. Lakini wenzake wa chini waliamua liwalo na liwe, wakaenda mahakamani. Mwaka 1995 hakimu aliwapa haki. Mwaka 1999 NCAA ikakubali kumaliza kesi kwa kuwalipa dola milioni 54.5. Nadhani umeielewa, namba mbili naye ana tumbo!

ALIPOKUBALI, AKAKATAA

Usidhani jamaa hakutakiwa kwingine. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Penn State kilimtaka awe kocha mkuu. Akakubali. Halafu akabadili mawazo, akarudi zake Chapel Hill kukaa kwenye kiti chake cha pembeni.

Wengine waliopita pale hawakungoja. Eddie Fogler, msaidizi mwenzake, aliondoka 1986 kwenda kuwa bosi Wichita State. Roy Williams, aliyeingia hapo mwaka ule ule wa 1978 Guthridge alipoikataa Penn State, aliondoka 1988 akapewa Kansas, timu kubwa kabisa. Guthridge aliwaaga wote, akabaki.

Alichobaki nacho si haba. Katika miaka yake 30 ya usaidizi, North Carolina ilifika mara 10 kwenye hatua ya timu nne za mwisho, ile ambayo Wamarekani wanaiita Final Four na kazi zinasimama watu waangalie. Vikombe vya taifa vilikuja viwili. Mwaka 1982 waliifunga Georgetown 63-62, dogo mmoja wa mwaka wa kwanza aitwaye Michael Jordan akitupia kikapu cha ushindi sekunde za mwisho. Mwaka 1993 wakaichapa Michigan 77-71.

Mwaka 1976 akaenda Michezo ya Olimpiki ya Montreal, Kanada. Smith alikuwa bosi wa timu ya Marekani, wasaidizi wake wakiwa Guthridge na John Thompson wa Georgetown. Marekani walikuwa na deni, kwani miaka minne nyuma walifungwa fainali na Wasovieti mjini Munich. Safari hii walibeba dhahabu kwa kuifunga Yugoslavia 95-74, lakini njiani walitoka jasho. Puerto Rico waliwakosa kwa pointi moja tu, 95-94.

Sisi Wabongo michezo hiyo tunaikumbuka kwa sababu nyingine. Ndiyo ile Afrika iliyosusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi wetu, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia, na dhahabu ikaenda kwa John Walker wa New Zealand. Kwenye kikapu, Misri walicheza mechi moja wakajitoa, na Marekani wakapewa ushindi wa mezani. Kwa hiyo hata ile dhahabu ya Guthridge ina kakipande ka msimamo wa Afrika ndani yake.

BOSI WA MIAKA 60

Oktoba 9, 1997, Dean Smith alitangaza kung'atuka. Alikuwa ameshinda mechi 879, na hakuna kocha wa wanaume katika daraja la juu la vyuo aliyekuwa amefikisha idadi hiyo. Msimu ulikuwa unabisha hodi, chuo hakikuwa na muda wa kutafuta mtu wa nje. Wengi waliamini mzee alipanga hivyo makusudi ili kiti kiende kwa swahiba wake. Kikaenda kweli.

Msimu wa kwanza ulikuwa balaa. Alikuwa na Antawn Jamison na Vince Carter, na pembeni yao akina Ademola Okulaja, Mjerumani mzaliwa wa Lagos, na Makhtar N'Diaye wa Dakar, Senegal. Alikuwa na vijana sita wenye hadhi ya kuanza mechi wakati nafasi ni tano. Wewe ungefanyaje? Yeye aliwapanga kwa zamu, leo anapumzika huyu, kesho yule. Timu ilishinda mechi 34, ikapoteza nne tu. Ilitolewa na Utah kwenye nusu fainali ya taifa, 65-59. Guthridge akatajwa kocha bora wa mwaka wa nchi nzima.

Halafu Jamison na Carter wakaenda zao NBA, na mambo yakageuka. Machi 1999 North Carolina ilitolewa na Weber State, timu isiyo na jina, 76-74. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1980 kwao kuaga mashindano ya taifa katika mchezo wao wa kwanza. Msimu uliofuata wakaingia kwenye mashindano hayo wakiwa wamekwisha kupoteza mechi 13. Mashabiki wakaanza kelele. Mzee kachoka! Huyu si Dean! Aondoke!

Hapo ndipo kuna utamu wa habari hii. Kwa miaka 30 lawama zilikuwa zikimpita pembeni na kumfikia Smith. Sasa zilimpata yeye, akiwa na umri ambao wenzake wanabembea na wajukuu. Hakujibu kwa mdomo. Timu yake, iliyopangwa nafasi ya nane katika kanda yake, iliifunga Missouri, ikaing'oa Stanford iliyopewa nafasi ya kwanza, ikaichapa Tennessee, ikamalizia na Tulsa. Ghafla bin vuu, Guthridge yuko Final Four tena! Florida ndio waliowasimamisha, 71-59.

Juni 30, 2000 akaaga. Miaka mitatu ya ubosi, ushindi 80, kufungwa 28, Final Four mbili. Ukijumlisha ile aliyocheza akiwa mwanafunzi 1958, ile ya usaidizi Kansas State 1964 na zile 10 za Smith, utapata 14. Mabosi wengi wenye majina makubwa hawajafika hata nusu yake.

SASA HUYU NI ZOBA?

Tatizo letu mjini tunadhani maisha ni ngazi moja tu, na asiyepanda mpaka juu amefeli. Guthridge aliijua kazi anayoiweza na mtu anayependa kufanya naye kazi, akakaa hapo. Alipopewa kiti kikubwa alikionyesha kuwa anakiweza, akakirudisha bila kusukumwa.

Cha kukumbuka ni kwamba alichagua mwenyewe. Kuna wasaidizi wanaobanwa hapo kwa hila za bosi, wakiambiwa kila mwaka wavumilie. Hao wasidanganywe na habari hii. Guthridge alikuwa na mlango wa Penn State wazi, akaufunga kwa mkono wake. Smith naye alimlipa wema huo, akahakikisha kiti hakipiti mbali naye.

Dean Smith alifariki Februari 7, 2015, akiwa na miaka 83, baada ya kuugua kwa miaka ugonjwa uliompokonya kumbukumbu. Katika wosia wake aliacha dola 200 kwa kila mchezaji wake wa zamani, wapatao 180, wakale chakula cha jioni kwa hisani ya kocha.

Guthridge alifuata Mei 12 mwaka huo huo, akiwa na miaka 77. Hata katika kuondoka alimtanguliza bosi wake, yeye akaja nyuma baada ya miezi mitatu.