Mwimbaji wa Santuri Aliyeota Miguu ya Paa

Sisi watu wa Pwani tunajua tangu zamani kwamba chombo cha mgeni hakikai ugenini muda mrefu. Tashkota inayolia katika taarabu za Mombasa, ile iliyovuma sana katika kundi la Bi Zuhura Swaleh, asili yake ni Japani. Ilibuniwa mjini Nagoya mwaka 1912. Leo mwambie mzee wa Mombasa kwamba ile ni ala ya Kijapani, atadhani unamfanyia mzaha.

Lakini tangu nihamie Nakuru kikazi nimepata kisa kinachoipita hata tashkota, nacho ni cha watu wa huku Bonde la Ufa.

Palikuwa na mwimbaji wa Kimarekani jina lake Jimmie Rodgers, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1897. Kabla ya kuimba alikuwa mfanyakazi wa treni, jambo ambalo watu wa Nakuru, mji uliokuzwa na reli, wangelipenda. Sauti yake aliipandisha ghafla na kuishusha kama mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Santuri zake ziliuzwa kwa mamia ya maelfu. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1933, naye ana miaka 35 tu.

Gramafoni za wageni zilizifikisha santuri hizo kwa Wakipsigis, upande wa Kericho, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Jina la mwimbaji likapita katika ndimi za wenyeji, likatoka "Chemirocha". Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi ngoma za kienyeji, alifika Kapkatet. Wasichana wakamwimbia Chemirocha huku kinanda cha nyuzi kiitwacho chepkong kikilia. Aliandika kwamba katika wimbo huo Chemirocha ni kiumbe nusu mtu nusu paa, na kwamba wasichana wanambembeleza aje kucheza.

Nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi. Ni mfupi, sauti ni nyembamba na tamu, na chepkong inarudia mle mle bila kuchoka. Humo simsikii Mmarekani hata kidogo.

Ughaibuni kisa hiki husimuliwa kwa kicheko: tazama Waafrika hawa, wamesikia sauti ndani ya sanduku wakadhani ni zimwi! Mimi sikubali. Wasichana wanaotania kwa wimbo si wajinga. Kwetu pia sauti ya kiume isiyo na mwili, tena yenye kupaa namna ile, ingepewa jina la jini mara moja, na mabinti wangeitungia wimbo wa harusini kabla ya jua kuchwa. Jirani yangu Mkipsigis, mwalimu mstaafu, nilipomweleza alicheka sana, akasema kwao wasichana humfanyia mzaha kila mgeni wa kiume, awe na kwato au viatu.

Kinachoniuma mimi ni jambo jingine. Sauti za wasichana wale zilihifadhiwa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Zikatolewa kwenye santuri, zikasikilizwa na watu wa mabara mengine. Kapkatet hawakuwa nazo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zake zilirudi Unguja zikapigwa barazani, na watu wake wakamsikia. Wale wasichana waliimba mara moja, gari likaondoka.

Ilipita zaidi ya miaka 60. Katikati ya miaka ya 2010 maktaba ile, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha nakala kwa Wakipsigis. Mzee mmoja aliyerekodiwa mwaka ule wa 1950 alikutwa yu hai, umri ukikaribia 90. Akawekewa sauti yake ya ujana, akaisikiliza.