Mzazi Katika Darasa la Watoto Wadogo

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo wazazi wengi hudhani kuwa si yao, nayo ni kazi ya kumsaidia mwalimu wa watoto wadogo, darasani na katika matembezi ya kujifunza. Nitachukua mfano wa Mofu, katika bonde la Mto Kilombero, mkoa wa Morogoro, kwa sababu maisha ya huko yaonyesha waziwazi shida yenyewe na dawa yake.

Watu wa bonde lile, Wandamba, Wapogoro, Wambunga na wengine waliohamia, ni wakulima wa mpunga, na wengi wao ni wavuvi vilevile. Mwaka wao hufuata maji. Mvua zikianza, watu hulima na kupanda. Masika yakifika, mto hufurika na kutapakaa mbugani. Mpunga ukianza kuzaa, hapana budi kuulinda. Mashamba mengi yako mbali na nyumba, kwa hiyo jamaa nyingi huhama kwa miezi kadhaa, wakakaa katika vibanda vya shambani na kupanda juu ya dungu kuamia ndege, mpaka mavuno yaishe. Desturi hiyo ni ya zamani, wala haina aibu, kwa kuwa ndiyo iletayo chakula. Lakini shule hufunguliwa mwezi wa Januari, yaani wakati ule ule jembe linapomwita mzazi. Mtoto wa miaka mitano atakuwa wapi basi? Akifuatana na wazazi wake shambani, amekosa darasa. Akiachwa kijijini kwa bibi yake, siku akitaka huenda shule, na siku asipotaka haendi, maana bibi naye ana kazi zake na miguu yake imechoka.

Labda mtu atasema, "Mtoto mdogo kama huyo hupotewa na nini? Darasa la kwanza bado." Neno hilo lastahili jibu. Sera ya elimu ya Tanzania ya mwaka 1995 ilitaka shule za msingi ziwe na madarasa ya awali, na ile ya mwaka 2014 ikafanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa lazima kwa kila mtoto. Sababu yake si kumharakisha mtoto asome vitabu kabla ya wakati. Katika mwaka huo mtoto hujifunza kukaa na wenzake, kungoja zamu yake, kusikiliza, kusema Kiswahili bila hofu, kuhesabu vitu avionavyo, na kushika chaki. Mtoto aliyekosa mambo hayo huingia darasa la kwanza akiwa nyuma, na aliyeanza nyuma huona haya. Tena mwenye kuona haya hanyoshi mkono, wala haulizi. Wengine huacha shule kabla hawajajua kusoma, watu wakasema hawana akili, kumbe walikosa mwanzo tu.

Sasa tumtazame mwalimu. Kanuni ya Serikali ni kwamba mwalimu mmoja wa darasa la awali awe na watoto wasiozidi 25. Lakini katika shule nyingi za vijijini watoto ni wengi kuliko hao. Na watoto wa umri huo hawafanani na wa darasa la sita. Huyu ataka kutoka nje, yule analia kwa kumtaka mamaye, wa tatu amemnyang'anya mwenzake kijiti, na wa nne haelewi Kiswahili kwa kuwa nyumbani husikia Kindamba tu. Mwalimu mwenye mikono miwili atawashikaje wote? Wazee walisema kweli, mkono mmoja haulei mwana. Kama haulei mwana mmoja, utalea wangapi darasani?

Hapa ndipo mzazi anapohitajiwa. Lakini wazazi wengi hujibu, "Mimi sikusoma. Nitafundisha nini?" Jibu ni kwamba hakuna anayekutaka uchukue chaki. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaiita kwa jina lenye maana ya bustani ya watoto, hakuwategemea walimu peke yao. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na michezo kwa ajili ya akina mama, kwa kuwa aliona ya kuwa malezi ya mama nyumbani ndiyo msingi wa shule. Mama wa Mofu aimbaye huku akipeta mpunga, na baba asukaye wavu mbele ya mwanawe, wanafanya kazi ya namna hiyo hiyo bila kuijua.

Basi mzazi akija darasani afanye nini?

Kwanza, afike mapema kabla ya watoto, amwulize mwalimu somo la siku hiyo ni lipi, na yeye ashike kazi gani. Mwalimu ndiye mwenye darasa, na mzazi ni msaidizi wake.

Pili, alete vifaa. Watoto wadogo hujifunza hesabu kwa mikono, na vifaa vyao havinunuliwi dukani. Vijiti, mbegu, magunzi ya mahindi, vifuniko vya chupa vilivyooshwa, na udongo wa kufinyangia vinatosha. Mzazi asiyejua kuandika tarakimu ya tano aweza kumwekea mtoto vijiti vitano, naye mtoto akaijua tano.

Tatu, akae na watoto wachache pembeni, watano au sita, awasimulie hadithi au afanye nao kazi aliyoagizwa, huku mwalimu akishughulika na wengine. Mtoto asiyejua Kiswahili akisikia neno la kwao kwanza, kisha la Kiswahili, moyo wake hutulia na ulimi wake hufunguka.

Nne, kuna mambo ya kujizuia. Asimpendelee mwanawe mbele ya wengine. Asimpige mtoto wa mtu, wala asimtishe. Asimfanyie mtoto kazi aliyopewa aifanye mwenyewe, hata akikawia. Na akirudi nyumbani, asitangaze kijijini kwamba mtoto wa fulani hajui kitu au amekuja na nguo chafu. Aliyoyaona darasani ni amana.

Sasa nitasema juu ya matembezi. Mtoto mdogo hushika zaidi alichokiona na kukigusa kuliko alichoambiwa. Wala si lazima kwenda mbali. Iko Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, nayo ni nzuri, lakini safari hiyo yawafaa zaidi watoto wakubwa. Watoto wadogo wana shule tele karibu nao, kama zahanati, karakana ya seremala, mashine ya kukoboa mpunga, na zaidi ya hayo yote shamba la mpunga.

Fikirini habari ya mpunga. Kitu kimoja kina majina matatu: shambani ni mpunga, kikishakobolewa ni mchele, na kikipikwa ni wali. Mtoto akipelekwa shambani aone suke, kisha mashineni aone pumba zikitengwa na chenga, kisha jikoni ale wali, amefundishwa lugha, maarifa na hesabu kwa pamoja, wala hatasahau. Na ni nani amjuaye mpunga kuliko mzazi wake? Siku hiyo baba ambaye hakusoma ndiye mwalimu, na mwalimu husimama kando akisikiliza. Mtoto akimwona baba yake akiheshimiwa na mwalimu, huiona shule kuwa ni nyumba yao.

Lakini matembezi yana hatari zake, na katika bonde la Kilombero hatari hizo si hadithi. Mto una mamba na viboko, na katika masika hata vijito hujaa maji yenye nguvu. Basi yashikeni mambo haya. Mwalimu mkuu aruhusu, na kila mzazi apewe habari kabla ya siku yenyewe. Njia ipitiwe kwanza na watu wazima, siku moja kabla au asubuhi ile ile. Kila mtu mzima akabidhiwe watoto watano, awajue kwa majina. Mmoja atangulie na mmoja afuate nyuma ya wote. Watoto wahesabiwe wakiondoka, wakifika, wakianza kurudi, na wakiingia shuleni. Hesabu ikipungua hata mmoja, msafara usimame. Maji ya kunywa safi na salama yachukuliwe. Na ukingo wa mto usikaribiwe kabisa, hata kama watoto wataomba kunawa miguu. Kama watu wazima waliopatikana ni wawili tu, matembezi na yaahirishwe. Ni heri watoto wanung'unike kuliko mama mmoja alie.

Wakirudi, kazi haijaisha. Waulizwe wameona nini, wachore mchangani, wahesabu punje walizookota. Matembezi yasiyozungumzwa baadaye ni mchezo tu.

Nirudi sasa kwenye shida niliyoanza nayo, ya msimu wa kuhamia mashambani. Mzazi mmoja hawezi kuacha shamba lake ili kwenda shule kila siku, wala hapana amtakaye afanye hivyo. Lakini wazazi ishirini wakipeana zamu, kila mmoja siku moja, zamu haimrudii mtu mpaka siku ishirini za shule zipite, yaani wiki nne nzima. Atakayeshuka kijijini siku ya zamu yake ataangalia pia ni watoto gani wamekosekana, apeleke habari kwa wazazi wao walioko shambani. Hivyo yule mtoto aliyeachwa kwa bibi atakuwa na mtu wa kumwuliza. Na wale walio shambani karibu na kijiji waweza kukubaliana na mwalimu siku ya kulipokea darasa, ili watoto waje waone kazi ya wazazi wao. Mkutano wa wazazi na walimu wa mwezi wa Januari ungefaa kuyapanga hayo kabla watu hawajatawanyika.

Wasikilizaji wangu, mpunga hauwezi kungoja; ukiachwa wiki moja bila mlinzi, ndege huumaliza. Mtoto naye hawezi kungoja. Mwaka wake wa tano humjia mara moja tu, wala hapana mvua ya mwaka ujao itakayourudisha. Mkulima wa Kilombero ajua vema maana ya kukaa juu ya dungu na kulinda kilicho kichanga. Akitoa siku moja katika ishirini kukilinda kichanga kilichoko darasani, atapata mavuno ambayo ndege hawayafikii.

Kwaherini.