Ruzizi III: shamba isiyo na karatasi italipwa namna gani?

Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu na kushuka mpaka Tanganyika. Maji yake yanazungusha mashini za Ruzizi I na Ruzizi II. Chini yao kuna mupango wa Ruzizi III, megawati 206, za kugawana Kongo, Rwanda na Burundi. Umeme unatakiwa, hakuna mwenye kubisha. Lakini mbele umeme ufike, kuna mashamba yatakayoondoka.

Katiba yetu, kifungu cha 34, inasema mutu akinyanganywa mali kwa faida ya wote, lazima alipwe malipo ya haki, tena mbele ya kutolewa. Wasipoelewana bei, tribinali ndiyo inakata.

Sasa shida iko hapa. Tangu sheria ya 1973 udongo wote ni wa serikali, na vijijini wengi wanalima kwa desturi, bila karatasi yoyote. Mama mwenye kukodi shamba msimu kwa msimu, jina lake litaandikwa wapi? Mwenye udongo anahesabiwa. Yeye mihogo yake inangolewa ingali midogo. Hata nyumbani, feza inapita mara nyingi mukononi mwa baba, na inaisha upesi kuliko shamba.

Watu wa kuhesabu mali wakifika, wanainchi waulize kwanza tarehe ya mwisho ya kuandikwa: kinachopandwa ao kujengwa kisha hiyo tarehe hakilipwe. Mwenye kukodi aende na mushuhuda, na kila mutu abakie na kopi ya fishi kabla ya kutia saini.