Nguvu za kiume zikipungua, moyo nao upimwe

Mwanaume wa miaka 45 akianza kushindwa na bibi yake usiku, mara nyingi hamwambii mtu. Wamoja wanasema ni uchovu, wengine wanasema wamelogwa, wengine wanakimbilia mizizi sokoni ao vidonge kwa farmasi bila kuonana na munganga. Wachache tu ndio wanafikiri juu ya moyo.

Uume unasimama kwa sababu damu inaingia kwa wingi na inabakia mule. Mishipa inayoleta damu hiyo ni midogo, milimita 1 hadi 2 kwa upana. Ile inayolisha moyo iko na milimita 3 hadi 4. Mafuta yakianza kuganda ndani ya mishipa, ile midogo ndiyo inaumia kwanza, sawa vile bomba jembamba linaziba mbele ya lile kubwa. Ndiyo maana shida ya kitanda inaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka 2 hadi 5. Na vinavyoleta vyote viwili ni vile vile: tansio, sukari, tumbaku, unene na mwili usiotembezwa.

Lakini si kila mwanaume mwenye shida hiyo yuko na moyo mgonjwa. Mawazo, kukimbia vita, pombe, hata dawa zingine za tansio zinaweza kuileta. Ikiwa asubuhi uume unasimama vizuri, mara nyingi shida iko kwa mawazo. Ikiwa nguvu zinapungua polepole, na asubuhi pia hakuna kitu, mishipa ichunguzwe.

Na vile vidonge je? Sildenafil, inayojulikana kwa jina la Viagra, ilitafutwa kwanza kwa ajili ya maumivu ya moyo, kisha Marekani ikairuhusu kwa wanaume mwaka 1998. Inafungua mishipa. Mwenye kunywa dawa za nitrati za maumivu ya kifua akiichanganya nazo, tansio inaweza kushuka gafula na kumuua.

Kwa hiyo, baba, mbele ya kununua kidonge, pita kwa kituo cha afya. Omba wakupime tansio na sukari, na mafuta ya damu pale inapowezekana. Tansio ikirudia kufika 14 kwa 9 ao zaidi, fuata matunzo, na usiache dawa bila kuuliza munganga. Mama nawe, bwana akinyamaza, msindikize. Kupima tansio ni kazi ya dakika chache. Moyo ukisimama, haungojei.