Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga ni dharura

KUCHEUA maziwa ni jambo la kawaida kwa mtoto mchanga, wala mama mzoefu hashtuki. Matapishi ya kijani ni jambo jingine kabisa. Rangi hiyo ni ya nyongo, na huashiria kwamba huenda utumbo umeziba.

Sababu inayohofiwa zaidi na wapasuaji wa watoto ni utumbo ambao haukujipanga ipasavyo tumboni. Mimba ikiwa na wiki sita hivi, utumbo wa kijusi huchomoza na kuingia katika kiungamwana. Kufikia wiki ya kumi huanza kurejea ndani, ukiwa umezunguka nyuzi 270 kwa jumla, kisha hujishikiza nyuma ya tumbo. Mzunguko huo usipokamilika, utumbo mwembamba huning'inia kwenye shina jembamba na waweza kujisokota mithili ya kamba. Mshipa unaoupelekea damu hubanwa, na kwa saa chache tu utumbo huanza kufa.

Dalili za mwanzo hudanganya. Mtoto aliyezaliwa salama, akanyonya vyema na hata kupata choo, aweza kutapika kijani ilhali tumbo lake lingali laini. Kuvimba tumbo, kinyesi chenye damu na kulegea mwili huja baadaye. Hapo katikati ndipo chango husingiziwa, na dawa za miti shamba au za gesi hupoteza saa ambazo mtoto hana.

Zahanati isiyo na mpasuaji ina kazi pia: kusitisha kumnyonyesha, kupitisha mpira puani ili kutoa nyongo, kumtia maji mshipani na kumkimbiza hospitali ya rufaa. Huko, eksirei inayopigwa baada ya mtoto kupewa dawa maalumu huonyesha njia ya utumbo. Aliye mahututi haingojei picha; hupasuliwa mara moja.

Upasuaji wenyewe ulielezwa mwaka 1936 na William Ladd wa Boston, Marekani, na ungali unatumika. Utumbo husokotolewa, tando zinazoubana hukatwa, shina hupanuliwa, kisha utumbo mwembamba hulazwa kulia na ule mpana kushoto. Kidole tumbo huondolewa kwa kawaida, kwani kikiachwa kushoto kitamhadaa daktari siku kitakapougua.

Kitambaa kilichochafuliwa na matapishi kisifuliwe. Daktari aonyeshwe rangi yenyewe.